Namna ya kuchambua shairi, tamthilia na riwaya bila kumeza notisi

Nafundisha Fasihi kidato cha tano na cha sita hapa Tanga, na jioni kazi yangu ni kusahihisha insha. Kuna sentensi nazijua kabla sijafungua daftari. "Jina la kitabu linasadifu yaliyomo." "Mwandishi ametumia lugha rahisi na ya kueleweka." "Kwa kiasi kikubwa mwandishi amefaulu kimaudhui na kifani." Zibandike kwenye tamthilia ya Kinjeketile, zihamishie kwenye riwaya ya Rosa Mistika, hakuna atakayeshtuka. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni hiki: chukua sentensi uliyoandika, futa jina la kitabu, weka la kitabu kingine. Ikiwa bado inakaa vizuri, ikate.

Siwalaumu wanafunzi peke yao. Sisi walimu ndio tuliowapa kabati lenye droo: fani huku, maudhui kule, humu wahusika, mandhari, muundo na mtindo, humo dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo. Mwanafunzi akipewa kabati atajaza droo, hata kama hajakisoma kitabu zaidi ya zile notisi za kurasa nane zinazouzwa karibu na stendi. Istilahi zenyewe sina ugomvi nazo. Zinakusaidia kupanga kile ulichokwisha kukiona. Kukiona ni kazi nyingine, na mara nyingi hatuifundishi.

Anza pale panapokukwaruza

Mara ya kwanza soma bila kalamu. Shairi lisome kwa sauti, hata kama wenzako bwenini watacheka. Tamthilia igawaneni watu watatu wanne, kila mmoja na wahusika wake, maana kuna mambo jicho hupita juu yake ila mdomo hukwama.

Mara ya pili shika penseli, na uweke alama pale tu panapokukwaruza. Labda ni neno ambalo wewe usingelitumia, au tukio kubwa lililoelezwa kwa mstari mmoja, au mhusika aliyenyamaza wakati ulitegemea aseme. Labda ni mshororo, yaani mstari wa shairi, unaoupenda na hujui kwa nini. Usikimbilie kuandika pembeni majina ya mbinu kama "tashibiha" au "takriri". Jiulize kwanza: kwa nini hivi, na si vile? Kisha jaribu kuharibu. Badilisha neno, ondoa tukio, ng'oa sura ya mwisho, uone ni kitu gani kinaporomoka. Hicho kinachoporomoka ndicho cha kuandikia.

Nikuonyeshe kwa ubeti mmoja wa Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mji uliotajirika sana kisha ukafifia:

Nyumba zao mbake ziwele tame
Makinda ya popo iyu wengeme
Husikii hisi wala ukeme
Zitanda matandu walitandiye

Kiamu cha zamani, yaani Kiswahili cha Lamu, kinawatisha wengi, basi tuweke maana mezani. Nyumba zao zilizokuwa zikimeremeta zimekuwa mahame, makinda ya popo yananing'inia juu, husikii mchakacho wala ukelele, na vitandani pametanda tando za buibui. Kama una jirani mtu wa Lamu, mpelekee beti zinazokusumbua. Kamusi ya kawaida haitakufikisha.

Sasa hesabu. Kila mshororo una mizani, yaani silabi, 11: sita kabla ya pumziko la katikati na tano baada yake. Mishororo mitatu inaishia kwa "me", wa nne kwa "ye", na hiyo "ye" inafunga beti za utenzi huu mmoja baada ya mwingine. Wengi huandika hapa kwamba "mshairi amezingatia urari wa vina na mizani", wakahamia swali lingine. Subiri kidogo. Urari huo unafanya kazi gani katika ubeti unaoeleza uharibifu? Nyumba imebaki gofu, wenyewe hawapo, lakini mizani haiyumbi hata silabi moja. Mshairi angeweza kuuvunja ubeti uendane na magofu yake, naye hakufanya hivyo. Anaongea kwa utulivu wa mtu asiyeshangaa, kana kwamba alijua tangu zamani itakuwa hivi.

Lakini penseli yangu husimama kwenye "makinda". Mbona si popo tu? Weka popo wazima, ukiwa unabaki pale pale. Ukiweka makinda, maana yake popo wamezaa humo ndani, wamepafanya kwao. Tazama sasa ubeti mwingine wa hapo hapo, unaoanza:

Madaka ya nyumba ya zisahani
Sasa walaliye wana wa nyuni

Madaka ni vile vishubaka vya ukutani kwenye nyumba za mawe za mwambao, ambamo wenye nacho walipanga sahani zao za thamani, nyingine za kaure ya Uchina. Leo wamelala humo wana wa ndege. Kwa mara nyingine, watoto! Popo ana makinda, ndege ana wana, wenye nyumba hawana hata sauti. Mtu aliyejenga jumba la mawe aliwajengea wanawe na wajukuu wake. Mshairi anamwambia kwamba jumba lina warithi tele, ila si wa ukoo wake. Kwangu hilo linachoma kuliko mifupa na kaburi, ambayo mashairi mengine ya mawaidha hayaachi kuitaja.

Ona tulipofika. "Dunia ni hadaa" ni dhamira iliyomo katika kila notisi ya Al-Inkishafi. Sasa unayo na umeitoa kwenye maneno mawili unayoweza kuyanyooshea kidole. Ungekuta makinda mara moja tu, ningekuambia iwe dhana yako na uendelee kutafuta. Kitu kikijirudia, tena mahali pazito, hapo una hoja. Nasema haya kwa sababu wapo wanaovuka upande wa pili, kila kuku akipita uani wanaandika "kuku ni ishara ya mkoloni".

Tamthilia haina msimulizi wa kukushika mkono

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, ndiyo inayopotosha wengi, kwa sababu somo la Historia wanalijua. Insha inaanza na Vita vya Majimaji 1905 hadi 1907, pamba ya kulazimishwa, Wajerumani, ukurasa mzima unaisha. Hussein mwenyewe ameeleza mwanzoni mwa kitabu kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia. Soma maelezo hayo. Mtahini hataki kujua vita ilikwendaje. Anataka kujua mwandishi kaifanyia nini.

Katika tamthilia usiulize tu mhusika kasema nini. Uliza anamwambia nani, nani mwingine yupo hapo anasikia, na baada ya kauli hiyo nani anabadilika. Chukua pale Kinjeketile, akiwa amepandwa na mzuka, anapotamka kwamba watakuwa wana wa Seyyid Said. Watu wameshika habari ya umoja na ya maji yanayoaminiwa kuwakinga na risasi, furaha imewajaa. Yeye akirudiwa na fahamu, kauli hiyo inamkata miguu. Wanafunzi wengi huruka hapa kwa kuwa si "tukio", wakati tamthilia inageuka papo hapo. Kabla ya hapo ana imani. Baada ya hapo ana shaka, na watu wake wamekwisha kulibeba neno lake kuliko anavyoweza kulishika yeye.

Hapa ndipo historia inaruhusiwa kuingia, maana mstari wenyewe umeiita. Seyyid Said ni sultani aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, akafariki 1856. Kumfukuza bwana mmoja ili uwe mwana wa mwingine, huo ni ukombozi gani? Sentensi mbili za historia zinatosha. Ukurasa mzima wa nini?

Halafu jaribu kuharibu mwisho. Kinjeketile yuko mikononi mwa Wajerumani, wanamtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Yeye mwenyewe hana uhakika tena na maji hayo. Hebu mfanye akiri. Kimantiki angekuwa mkweli, sivyo? Lakini kukiri kwake kungewafikia watoto wa kesho kwa tafsiri ya ofisa: kwamba kupigania nchi yao lilikuwa kosa. Ndiyo maana anakataa, akisema kuna neno limezaliwa. Sasa unaweza kubishana: anadanganya, au analinda ukweli mkubwa kwa kunyamazia mdogo? Darasani kwangu wavulana wawili nusura wakunjane mashati kwa swali hili, na insha zao wiki ile zilikuwa nzuri mno. Chagua upande, uutetee kwa maneno ya kitabu. "Kinjeketile ni shujaa" haina mpinzani, kwa hiyo haina hoja.

Riwaya: angalia kasi, na mwisho

Riwaya ni ndefu, huwezi kupima kila neno. Pima kasi. Weka alama mahali ambapo miaka inapita kwa sentensi moja, na mahali ambapo jioni moja inachukua kurasa kadhaa. Mwandishi hupunguza mwendo pale anapotaka ukae.

Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, wengi huona "malezi mabaya" na kumtwika Zakaria, baba mlevi na mkali anayempiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana aitwaye Charles. Ni kweli, lakini ni rahisi mno. Riwaya haiishii kaburini, inatupeleka mpaka hukumuni baada ya kifo, na baba na binti wana la kujibu. Ng'oa sehemu hiyo. Utabaki na habari ya kusikitisha ya msichana aliyejiua, ambayo msomaji ataifunga akisema "masikini" na kwenda kulala. Ukiirudisha, lawama inafunguliwa upya na wewe msomaji unaitwa kuamua. Mwalimu anayesema sehemu hiyo ni nyongeza isiyo na kazi ana haki ya kusema hivyo. Mimi naona bila hiyo Kezilahabi angekuwa ameandika mahubiri.

Jambo dogo la hapo hapo: jina. Ukiwa hukulelewa Ukatoliki, muulize rafiki anayeijua Litania ya Bikira Maria. Rosa Mistika ni sifa mojawapo ya Maria humo, "waridi lenye fumbo". Binti aliyepewa jina hilo ndiye huyu ambaye maisha yanamburuta hivi. Hapo ndipo unaweza kuandika habari ya jina la kitabu, tena bila "linasadifu yaliyomo".

Usimhukumu marehemu haraka

Kazi za zamani zina mtego mwingine. Utenzi wa Mwana Kupona, wa 1858, unamwusia binti namna ya kumtumikia mume, na kalamu za leo humaliza kazi kwa "mshairi anamkandamiza mwanamke". Huenda utafika hapo, ila pita kwanza kwenye utenzi wenyewe. Anayesema ni mama mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na msikilizaji ni binti mdogo anayekaribia kubaki peke yake. "Negema wangu binti", anamwita asogee. Usia huo ni utii mtupu, au ni mbinu ya kuishi katika nyumba za watu wakubwa? Pingana na mtunzi baada ya kumsikia.

Kuandika aya

Aya moja, hoja moja. Toa dai ambalo mtu mwingine anaweza kulikataa, weka nukuu fupi, kisha tumia nafasi kubwa kuliko nukuu yenyewe kueleza neno gani ndani yake linafanya kazi. Mfano wa mwanafunzi: "Mshairi ametumia taswira ya popo kuonyesha kuwa dunia haidumu." Tuliirekebisha pamoja ikawa hivi: "Mshairi hatishi kwa kifo bali kwa urithi. Katika nyumba za matajiri waliotoweka wamekaa 'makinda ya popo' na 'wana wa nyuni'. Kwa kuchagua watoto wa wanyama, anaonyesha nyumba ikiendelea kulea kizazi, ila kizazi cha wengine." Ya pili ni ndefu kidogo, na ukifuta "Al-Inkishafi" huwezi kuihamishia popote.

Wahakiki wasome mwisho, ukiwa umekwisha kuandika rasimu. Ukiwasoma mwanzo utaona walichokiona wao tu. Ukikuta mmoja anakupinga, mtaje na umjibu, usimfiche.

Kwa chumba cha mtihani ambako kitabu hakiingii, chagua nukuu fupi tano au sita kwa kila kitabu, zile zilizokukwaruza, uzikariri neno kwa neno pamoja na jina la msemaji na msikilizaji. Dakika kumi za mwanzo usiandike insha. Andika dai lako na nukuu tatu kwenye karatasi ya rafu. Swali likisema "jadili", wanataka pande mbili. Likisema "thibitisha", usipoteze wino kupinga. Na majina ya wahusika yaandike kama yalivyo kitabuni, maana mwaka jana nilisoma insha nzima inayomhusu "Kijinketile".