Somo: Kukusanya na kusambaza picha bila kumpoteza aliyezitengeneza

Habari zenu wanakikundi. Juzi nilifungua folda yangu ya zamani. Ndani yake kuna mchoro wa kasa ninaoupenda kuliko yote, na faili lake linaitwa "picha47". Nani aliuchora? Sijui. Siwezi kumsifia wala kutafuta kazi zake nyingine. Somo hili limetokana na kasa huyo.

Hatua ya 1: Anza kwa wenye mali. Wengi wetu huandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia na kuokota chochote kinachoibuka. Makumbusho ya Rijksmuseum mjini Amsterdam, Metropolitan ya New York (2017) na Smithsonian (2020) yamefungulia umma picha za kazi nyingi ambazo hakimiliki yake imekwisha. Unapakua zikiwa na ubora mkubwa, bure, bila kuomba ruhusa. Wapenzi wa mimea na wadudu waingie Biodiversity Heritage Library, kwenye vitabu vya kale vilivyoskaniwa ukurasa kwa ukurasa.

Kwa kuonja tu, mtafute mchoraji Maria Sibylla Merian, aliyekwenda Suriname mwaka 1699 na kuchapisha kitabu chake cha wadudu mwaka 1705. Kuna ukurasa wa tawi la mpera ambapo buibui mkubwa anamla kindege, huku sisimizi wakiunganisha miili yao kuwa daraja. Kuza picha mpaka uone vinyweleo vya miguu ya yule buibui. Mimi chai yangu ilipoa.

Hatua ya 2: Soma leseni, yaani masharti ya kutumia picha. Nyingi ni za Creative Commons, kwa kifupi CC. CC0, tumia utakavyo. CC BY, tumia lakini taja jina. Ukiona NC, usifanyie biashara. ND, usisambaze uliyoibadili. Hakuna alama yoyote? Ina mwenyewe.

Hatua ya 3: Badili jina la faili papo hapo. Msanii, kazi, mwaka: merian_buibui-mpera_1705. Kiungo cha ulikoitoa kibandike kwenye faili la maandishi ndani ya folda hiyohiyo. Usijiambie utafanya jioni. Kasa wangu naye alikuwa wa jioni. Na usipige picha ya skrini, maana utapata ukubwa wa skrini yako tu, na maelezo ya msanii yatabaki kulekule.

Hatua ya 4: Panga folda kwa kinachokuvutia: ukungu, manyoya, mistari ya wino. Utashangaa mwenyewe unachokipenda.

Hatua ya 5: Unaposambaza, jina la msanii liwe mstari wa kwanza. Usikate saini. Tuma picha tatu ulizozichagua, si thelathini. Kama umepiga mwenyewe mnyama adimu au kiota, futa taarifa za mahali zilizojificha ndani ya faili, kwa sababu majangili nao wanajua kuzisoma. iNaturalist, mtandao wa kuweka picha za viumbe ulivyoviona, huficha yenyewe mahali halisi pa viumbe walio hatarini. Simu yako haifanyi hivyo.

MASWALI

Swali: Mwalimu, nikiandika "picha kwa hisani ya mtandao" si inatosha?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Mtandao haujawahi kushika kamera. Andika jina la mtu, au usiiposti.

Swali: Picha ya mti uliosimama porini nayo ina mwenyewe?
Jibu: Mti hauna hakimiliki, aliyeupiga picha anayo. Yeye ndiye aliyeusubiri mwanga.

Swali: Nikituma kwa WhatsApp picha zinafifia. Nifanyeje?
Jibu: Zinabanwa njiani. Iambatishe kama hati, si kama picha, itafika ilivyo.

Swali: Msanii yu hai na yuko Instagram. Nipakue?
Jibu: Sambaza posti yake mwenyewe, watu wamfuate huko. Ukitaka zaidi ya hapo, mwandikie. Sentensi mbili zinatosha: wewe ni nani, picha inakwenda wapi.

Swali: Samahani mwalimu, huyo kasa umemtafuta kwa TinEye, ile tovuti inayoonyesha picha imewahi kutokea wapi mtandaoni?
Jibu: Nimemtafuta. Kurasa nyingi, na karibu zote "kwa hisani ya mtandao". Nilipopanga matokeo kuanzia la zamani zaidi, nikaona nakala yenye ukingo wa chini ambao kwenye yangu umekatwa. Pale pembeni kuna herufi mbili za wino, ya kwanza nadhani ni R. Mwenye macho mazuri anitafute, nitamtumia kama hati.