Mtoto anapokikimbia chakula: namna ya kumlisha, na namna ya kuomba msaada msikitini au kanisani

Anoreksia ni ugonjwa unaomfanya mtu ajinyime chakula kwa hofu ya kunenepa, na dawa yake ya kwanza ni chakula. Dua, visomo na novena (sala za Wakatoliki za siku tisa) vina kazi yake: kumtia mzazi nguvu na kumpa mtoto tumaini. Lakini havichukui nafasi ya sahani, na miezi inayopotea katika kupunga pepo ndiyo miezi ambayo moyo wa mtoto unazidi kudhoofu.

Kati ya mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya kwa takriban miezi 6. Wakawa wakali, wakajitenga, wakawaza chakula kutwa kucha, na wengine wakawa wanachezea sahani muda mrefu kabla ya kumaliza. Njaa pekee ilitosha kuwafanya hivyo. Kwa hiyo mtoto anayeficha chapati mfukoni, anayesema uongo kwamba amekula kwa rafiki, au anayemfokea mama yake, usimwambie amelaaniwa wala hana adabu.

Anza hospitali. Mhesabie mapigo ya moyo akiwa ameketi kwa utulivu, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, dakika 1 nzima. Yakiwa chini ya 50 mchana, au akizimia, au maumivu ya kifua yakimjia, mpeleke siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo akizungumzia kujiua. Ondoa pia dawa zote alizoweza kuzifikia. Ikiwa hajala karibu chochote kwa siku 5 au zaidi, usianze kumshindilia nyumbani: chakula kinaporudi ghafla, madini ya fosfeti na potasiamu hushuka katika damu na moyo unaweza kusimama. Ataanzishwa kidogo kidogo huku damu ikipimwa. Anayetapika au kutumia dawa za kuharisha, sanamaki ikiwemo, apimwe potasiamu hata kama uzito wake ni wa kawaida.

Daktari akiruhusu, mzazi ndiye anayeamua kinacholiwa. Njia hii ilikuzwa katika Hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980: kwanza wazazi wanashika usukani wa chakula, kisha wanaurudisha kwa mtoto hatua kwa hatua. Matibabu huchukua miezi 6 hadi 12 kwa kawaida. Milo ni mitatu na vitafunwa vitatu, kila baada ya saa tatu hivi: saa 1 asubuhi, saa 4, saa 7 mchana, saa 10 jioni, saa 1 usiku, na maziwa kabla ya kulala. Pakua wewe, asiwepo jikoni. Uji upikwe kwa maziwa yenye mafuta yake na kijiko kikubwa cha siagi ya karanga. Wali uwe wa nazi. Mboga iungwe kwa mafuta ya kutosha. Kachumbari na maji mengi humjaza bila kumjenga. Mlo upewe dakika 30 hadi 40, kitafunwa 15 hadi 20. Kalori zihesabu kimoyomoyo kama ni lazima, zisitajwe mezani.

Mtu mzima akae naye mwanzo hadi mwisho, na kwa muda wa saa nzima baada ya kula asiende chooni peke yake. Hapa ratiba ya ibada inaweza kuleta tatizo: atawadhe kabla ya kula, siyo baada. Sala ya chakula iwe fupi, maana kila dakika ya kungoja humwongezea hofu. Kizunguzungu kikimpata anapoinuka kutoka sijda, aswali ameketi, dini imemruhusu.

Kufunga ndiko kunakohitaji msimamo wako kuliko yote. Ugonjwa huu hupenda kuvaa kanzu ya ucha Mungu: ghafla mtoto anataka saumu za Jumatatu na Alhamisi, au mfungo wa siku 21 wa maombi. Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kutimiza siku nyingine. Kwa Wakatoliki sharti la kufunga huanza miaka 18, na mgonjwa halazimiki. Nenda kwa shehe au padri wiki kadhaa kabla ya Ramadhani au Kwaresima, ukiwa na barua ya daktari, umwombe amwambie mtoto mwenyewe kwamba kwake yeye kula ndiko kutii. Neno hilo likitoka kwake lina uzito ambao mzazi hana. Kiongozi akisisitiza mtoto afunge au aache matibabu, tafuta mwingine.

Ndugu na majirani nao waambiwe mapema. Kwetu "umenenepa!" ni salamu na sifa, lakini mtoto huyu akiisikia anaweza kukataa chakula cha jioni. Wape la kusema badala yake: "Nimefurahi kukuona." Basi.

Unapoomba msaada, usiseme "tuombeeni" peke yake. Omba kitu chenye siku na saa: shangazi akae naye kitafunwa cha saa 10 Jumanne, mwanajumuiya awapeleke wadogo zake shule, mtu mmoja akupokee simu usiku mezani pakichafuka. Chagua wawili au watatu wanaojua kutunza siri; habari ikitangazwa kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, mtoto hataamini tena mtu yeyote. Wazazi wanaosoma Kiingereza watapata mwongozo wa bure kwa F.E.A.S.T., shirika la kimataifa la familia zinazouguza watoto wa namna hii.

Na wewe utamkasirikia Mungu, hasa baada ya mlo uliomwagwa ukutani. Mwambie hivyo hivyo. Zaburi zimejaa vilio vya aina hiyo, na Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe bila kutoka katika imani. Ukishindwa ibada ndefu, dhikri jikoni inatosha.

Wasaidizi hujaa wiki mbili za mwanzo, kisha hupungua kabla mtoto hajapona. Kila mwisho wa mwezi andika upya zamu zao, ukianza na saa 10 jioni na saa 1 usiku, ambazo mzazi huzifikia akiwa amechoka zaidi.