Karakana ya useremala nyumbani: tengeneza meza kabla ya kununua mashine

Mdogo wangu amepata banda la mita nne kwa sita nyuma ya nyumba yake Kibaha, akaniuliza aanze na mashine gani. Nilimwambia pesa ya mashine aiweke kwanza, tuanze na meza ya kazi. Ninayoyaandika hapa ndiyo tuliyofanya pale, kwa mpangilio uleule, na yanamfaa yeyote mwenye banda, gereji au kibaraza anayetaka kujitengenezea fanicha nyumbani.

Hatua ya 1: Mahali

Kabla ya kupanga chochote, chukua ubao wa futi 12 uingie nao ndani. Mbao nyingi za sokoni kwetu ni za urefu huo, na ukitaka kuupasua wote kwa urefu unahitaji futi 12 nyuma ya msumeno na futi 12 mbele yake. Banda la mita sita halina nafasi hiyo. Dawa yake ni mlango na dirisha vitazamane kwa mstari mmoja, ili ubao uchungulie nje upande mmoja ukiendelea kuingia upande mwingine. Kwa mdogo wangu tulihamisha dirisha. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, na ukuta ulikuwa bado haujapigwa lipu.

Kwa sisi wa Pwani, kusi hutoka kusini-mashariki na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Miezi mingi ya mwaka, basi, vumbi huelekea magharibi. Sehemu ya kupasulia na kupiga msasa iweke upande huo, lakini angalia kwanza kama jirani hana kamba ya kuanikia nguo pale.

Madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisikupige machoni. Kati ya ukuta na bati acha nafasi ya futi moja, weka wavu, joto litoke.

Hatua ya 2: Umeme

Hii muachie fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwambie unataka laini ya peke yake kutoka meni swichi, yenye breka yake na waya wa 2.5 mm kwa soketi, na ethi, yaani waya wa usalama unaoingia ardhini, iwe imepimwa, isiwe ya kuchorwa tu. Soketi zikae juu ya usawa wa meza, maana zikiwa chini zitajaa vumbi.

Soketi yetu ya kawaida ni ya ampea 13, yaani kwa volti 230 inabeba karibu wati 3,000. Mashine moja ya kuranda hula nusu ya hapo au zaidi, kwa hiyo usiwashe mbili kwenye ekstensheni moja. Na ekstensheni ya kuzungushia kwenye gurudumu ifungue yote kabla ya kuitumia, kwa sababu waya ukibaki umejiviringa unapata joto hadi plastiki inayeyuka.

Taa weka mbili, kila moja upande wake wa meza. Ukiwa na moja katikati, kivuli cha kichwa chako kitaangukia palepale unapokata.

Hatua ya 3: Meza ya kazi

Hapa tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapopoteza wiki nzima bila kujua kosa liko wapi. Kijana anatengeneza kigoda kinacheza, anatengeneza mlango wa kabati haufungi, anailaumu mikono yake. Mikono haina tatizo, meza ndiyo haiko sawa. Fremu yoyote utakayoigundisha ikiwa imelala juu ya meza iliyopinda itakauka na mpindo huohuo, na ukishaigundisha huinyooshi tena.

Kimo kwanza. Simama wima na viatu vyako vya kazini, mikono ining'inie. Uso wa meza ufike kwenye kifundo cha mkono au chini yake kidogo. Kwa watu wengi ni kati ya sentimita 80 na 90. Anayeranda sana kwa mkono ashushe, ili uzito wa mwili umsaidie kusukuma. Urefu wa futi 6 na upana wa inchi 22 vinatosha kwa banda dogo.

Mbao za paina za Mafinga zinafaa na bei yake inavumilika. Mkaratusi ni mzito, na uzito ni sifa njema ya meza, ila ukikauka hupinda na kupasuka. Mimi siutumii kwa uso wa meza. Uso tumia mbao za inchi mbili kwa sita, miguu inchi nne kwa nne. Pale yadi tazama kichwa cha kila ubao: ukiona kile kiini cha mti, yale maduara madogo kabisa, uurudishe, kwa sababu ubao wenye kiini hupasuka hapohapo ukishakauka. Kisha zilaze ndani ya banda lako wiki kadhaa kabla ya kuzigusa. Yadi nyingi huuza mbao ambazo bado zina maji, na muuzaji atakuapia zimekauka.

Miguu na mbao za kuikingama usipige misumari. Tumia bolti za milimita 12 zenye washa pana. Masika ikipita mbao zitasinyaa na viungo vyote vitalegea. Wa bolti atazunguka na spana namba 19 akaze upya, na wa misumari meza yake itaendelea kucheza.

Mbao za uso zigundishe ubavu kwa ubavu kwa gundi nyeupe ya mbao. Klempu ndefu ni ghali na huzihitaji. Pigilia kipande cha ubao kila upande kwenye mbao mbili imara zilizolala chini, weka mbao zako katikati, halafu kati yake na kipande kimoja gongomea kabari mbili zinazoelekeana. Nguvu ya kabari inatosha kabisa. Weka karatasi ya nailoni chini ili gundi isishike.

Sasa sehemu yenyewe. Sakafu ya sementi ya banda mara nyingi haiko bapa, kwa hiyo mguu mmoja wa meza utaelea. Ukiubana uso kwenye miguu ikiwa hivyo, uso nao unavutwa kufuata sakafu. Fuata mpangilio huu bila kuruka:

Kwanza isimamishe fremu ya miguu mahali itakapokaa siku zote, bila uso. Weka kabari ya mbao ngumu chini ya mguu unaoelea mpaka ukiisukuma kwa pembe haitikisiki. Chora alama ya rangi sakafuni kuzunguka kila mguu, na kabari uifunge na skrubu kwenye mguu wake.

Pili, tafuta fito mbili zilizonyooka, za upana sawa, ndefu kuliko upana wa meza. Makali ya juu ya ufito mmoja yapake mkaa. Weka ule mweusi mwisho wa mbali, mwingine mwisho wa karibu, zote zimesimama kwa ubavu juu ya fremu. Rudi nyuma hatua mbili, inama, fumba jicho moja, tazama juu ya ufito wa karibu uone wa mbali. Ule mstari mweusi ukichomoza sawasawa kutoka kushoto hadi kulia, uko vizuri. Ukichomoza upande mmoja na kupotea upande mwingine, pembe ile imeinuka. Pima maji pekee hayatakuonyesha hili. Ukiyaweka katikati ya meza yatakuambia kila kitu kiko sawa huku pembe zinapishana milimita tatu.

Tatu, fremu ikishakuwa sawa, weka uso, lakini usiugundishe kwenye fremu. Ubao hutanuka kwa upana wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, na uso wa inchi 22 unaweza kusogea milimita kadhaa. Kaza skrubu za katikati kwenye matundu ya kawaida. Za pembeni zipite kwenye matundu yaliyorefushwa, zikiwa na washa, ili uso upate pa kwendea. Ukiukaza kote, utapasuka au utaibeba fremu nzima ipinde.

Nne, rudia kutazama kwa fito, safari hii juu ya uso wenyewe. Ukiona pembe mbili zimeinuka, randa kwa mshazari kutoka pembe moja ya juu kwenda ya pili ya juu, ukikagua kila baada ya muda. Fito zikikubaliana ndipo urande kwa urefu kulainisha.

Meza ikihamishwa baada ya hapo, hata kwa kufagia tu, irudishwe kwenye alama zake. Ukiipeleka upande mwingine wa banda, anza tena na kabari. Na hata isipohama, kila masika ikiisha ipime. Mbao bado zinatulia mwaka wa kwanza.

Jiriwa ya kubania mbao ifunge mwisho, karibu na mguu, kushoto kama unatumia mkono wa kulia. Taya yake ya ndani iwe sawa na ubavu wa meza.

Hatua ya 4: Zana

Guniya ya kupimia pembe mraba, futi, msumeno wa mkono, randa moja nzuri ya chuma, patasi nne (robo, nusu, robo tatu, inchi), nyundo, keekee ya umeme, kinoo. Guniya ijaribu dukani: chora mstari, igeuze, chora tena kuanzia palepale. Mistari ikiachana, usinunue.

Kinoo kipate mahali pake pa kudumu, na maji au mafuta yake pembeni. Kikiwa ndani ya sanduku utaahirisha kunoa, na patasi butu inasukumwa kwa nguvu, ikiteleza inakuingia mkononi. Patasi noa kwa digrii 25, makali yenyewe 30.

Zana zitundike ukutani mbele ya meza, umbali wa mkono kunyooka. Sipendi masanduku: patasi zinagongana, na unyevu wa Pwani unakaa humo. Kila Jumamosi zifute na mafuta ya cherehani.

Mashine ya kuranda usinunue bado. Mbao zirandwe palepale yadi, kama Buguruni wanavyofanya, umalizie kwa mkono.

Jambo moja sitaki mtu alijaribu: kufunga diski ya meno ya msumeno kwenye grinda. Grinda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika na haina kinga ya kazi hiyo. Meno yakinasa kwenye ubao, grinda inaruka kukufuata usoni au pajani. Nimeona vidole vya mafundi wazuri vilivyoondoka hivyo.

Hatua ya 5: Mbao

Zilaze, zisisimame, futi moja juu ya sakafu, mbali na ukuta, vijiti vya inchi moja katikati kila baada ya futi mbili, kila kijiti juu ya mwenzake. Miguu ya kichanja iwe ya chuma ili njia ya udongo ya mchwa uione mapema. Ubao uliobunguliwa usiuingize kabisa.

Mvule kabla ya kuuranda ugonge na uupapase. Hutengeneza mawe ya chokaa ndani yake, na jiwe moja linamaliza makali ya siku nzima. Mninga na mbao nyingine za msitu wa asili zinunue kwa risiti, na risiti itunze.

Hatua ya 6: Vumbi na moto

Vumbi la mbao limo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani katika orodha ya IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, na la mninga na la mvule huwasha pia ngozi na kifua. Vaa barakoa ya N95, kitambaa hakizuii. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia.

Matambara yenye mafuta ya linsidi ya kupaka mbao usiyakunje ukayatupa kwenye maranda, kwa maana hujipasha yenyewe na kuwaka. Yaanike nje, moja moja, mpaka yakakamae, ndipo uyatupe. Ndoo ya mchanga ikae mlangoni, upande wa ndani, na pasiwekwe ubao mbele yake.