Rekodi mara moja, usafishe orodha msimu mzima

Msimu wa korosho ukifunguliwa, nakusanya orodha za wakulima kutoka vyama vya msingi vya Newala na Tandahimba. Kila karani ana uandishi wake: huyu 120kgs, yule 120 KG, mwingine nafasi tatu katikati ya majina. Nilikuwa nakaa hapa Mtwara mjini narudia kutafuta na kubadilisha yale yale kila wiki ya mnada, mpaka macho yanauma.

Ndugu zangu mnaotumia Notepad++, programu ya kuhariri maandishi, msirudie. Fungua menyu ya makro (Macro), yaani hatua zilizorekodiwa ili zirudiwe zenyewe, anza kurekodi, fanya mabadiliko yako kwa kubadilisha zote kwa mpigo, simamisha, kisha hifadhi kwa jina na uipe mkato wa kibodi. Orodha inayofuata ni kubonyeza tu.

Kwa kilo, kwenye dirisha la kutafuta na kubadilisha washa rejeksi (Regular expression), yaani kutafuta kwa muundo badala ya neno kamili, tafuta (\d+) *kgs?\b, yaani namba yoyote inayofuatwa na kg au kgs, na uweke \1 kg, yaani namba ile ile kisha kg. Hakikisha hujawasha kutofautisha herufi kubwa na ndogo, maana makro inakumbuka na mipangilio pia. Nafasi zilizozidi mimi huziondoa kwanza, ndipo maneno yenye nafasi katikati, kama Newala Mjini, yapatikane yote.

Tunza nakala ya orodha kabla hujabonyeza makro. Makro haiulizi, na hizo ni kilo za watu.

Ukibadilisha kompyuta, makro zako zimo kwenye faili la shortcuts.xml. Funga programu kwanza ndipo ulinakili.