Mgonjwa Asiyesikia Vizuri: Usiiamini "Ndiyo" Yake

Mgonjwa mwenye usikivu hafifu ni nadra kukuambia kwamba hasikii. Atatikisa kichwa, atasema "ndiyo, mwanangu", nawe utaandika kwenye faili kuwa ameelekezwa dawa. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanaume huku Tanga, na wanafunzi wanaokuja wodini kwetu nawaambia kwanza wasiiamini hiyo ndiyo. Muulize swali lisilojibika kwa ndiyo: "Babu, hiki kidonge cheupe utakimeza saa ngapi?" Akikujibu kuwa amekuja na mkewe, umeshajua pa kuanzia.

Usikimbilie kusema ni uzee. Kuna uziwi wa sauti kuzuiwa njiani: nta imeziba, sikio linatoa usaha, kiwambo cha sikio kimetoboka. Huo mara nyingi unatibika. Mwingine ni wa sikio la ndani au mshipa wa fahamu, na huo kwa kawaida haurudi nyuma. Hapo msaada ni mashine ya kusikia. Nta ilainishwe kwa matone ya mafuta ya zeituni siku chache, kisha aliyefundishwa aisafishe kwa maji yenye joto la mwili. Maji ya baridi yatamtia mgonjwa kizunguzungu na kutapika. Kukiwa na usaha au kiwambo kimetoboka, usipige maji kabisa. Kausha kwa kitambaa safi kilichosokotwa, mara kadhaa kwa siku, na daktari aandike matone. Njiti za kiberiti na unyoya wa kuku, ambao watu wetu wanaupenda sana, viache mbali na sikio.

Soma pia karatasi ya dawa. Jentamaisini, sindano ya kutibu maambukizi ya bakteria, inaweza kuua usikivu usirudi tena, hasa kwa mwenye figo dhaifu. Kwinini nayo huleta mvumo, ingawa wake kwa kawaida hupoa dawa ikiisha. Basi kabla ya sindano uliza: "Masikio yanavuma?" Akikubali, mwone daktari kwanza. Na aliyepoteza usikivu ghafla, ndani ya siku 3 au chini ya hapo, huyo ni dharura. Afike kwa daktari wa masikio siku hiyohiyo.

Sasa mazungumzo, ambako wengi wetu tunaharibu kwa kupiga kelele. Uziwi wa uzeeni huanza kula sauti nyembamba, kama s, f na t. Mzee anakusikia unaongea, ila maneno hayashiki. Chukua "saa sita" na "saa tisa": ondoa s na t, kinachobaki ni kilekile. Ukipaza sauti unazidisha irabu tu, na wodi nzima imeshajua ana ugonjwa gani. Inama mfikie usoni, mwanga ukuangukie wewe, usisimame na dirisha mgongoni. Zima redio. Ongea taratibu kwa sauti ya kawaida, na asipoelewa badilisha maneno badala ya kurudia yaleyale. Saa za dawa mwandikie kwa tarakimu kubwa. Asiyesoma, mwonyeshe kwa vidole. Halafu akueleze yeye mwenyewe.

Usimgeukie mwanawe ukasema "mwambie baba yako". Mzee anaona. Kwa kiziwi anayetumia Lugha ya Alama ya Tanzania, tafuta mkalimani, hasa kabla ya kusaini fomu ya upasuaji. Mtoto wake asibebeshwe kazi hiyo.

Usiku, mulika tochi usoni kwako kwanza ndipo umguse, la sivyo atashtuka vibaya. Andika hali yake kwenye ripoti ya zamu, maana wa asubuhi atamwita jina kutoka mlangoni na kudhani amegoma.

Mashine ivuliwe kabla ya kuoga. Ikipiga mluzi, huenda haikukaa sawa au nta imejaa. Wakati wa kulala fungua kifuniko cha betri, iweke kwenye kikopo chenye jina lake, na kung'uta shuka kabla hazijaenda kufuliwa. Mashine nyingi hupotelea humo.