Subira, saburi, uvumilivu au ustahimilivu? Hatua za kuchagua kisawe

Mimi ni mhariri, na visawe vinavyonichelewesha zaidi mezani ni vya mambo yasiyoshikika: hisia, tabia, maadili. Mwandishi akikosea jina la chombo cha jikoni, msomaji humbaini papo hapo. Akiweka "uvumilivu" palipotakiwa "subira", sentensi hupita bila kelele, lakini maana imeshapinda. Na kamusi peke yake haitoshi, kwa sababu mara nyingi neno hili hufafanuliwa kwa lile, na lile likarudishwa kwa hili. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Andika sentensi nzima. Usilinganishe maneno yakiwa pekee. Yakiwa pekee yote yanafanana.

Hatua ya 2: Angalia neno linatembea na kitenzi gani. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Subira huvutwa: "Vuta subira kidogo, daktari anakuja." Jaribu kusema "vuta uvumilivu" na sikio litakataa mara moja. Uvumilivu nao una mwendo wake: huweza kumshinda mtu. "Alinyamaza wee, mwisho uvumilivu ukamshinda, akajibu." Ustahimilivu ndio mgeni zaidi katika mazungumzo ya nyumbani, utaukuta kwenye ripoti na miradi, ambako hujengwa na kuongezwa: "kujenga ustahimilivu wa jamii dhidi ya ukame." Hakuna mama anayemwambia mwanawe ajenge ustahimilivu wakati chakula hakijaiva. Atamwambia, "Subiri, mwanangu."

Soma sentensi yako kwa sauti, ukibadilisha jina huku kitenzi kikibaki palepale. Neno litakalokwama, liondoe.

Hatua ya 3: Rudi kwenye kitenzi kilichozaa jina. Kuvumilia kunahitaji kitu kinachokuumiza au kukukera: maumivu, dhiki, jirani mwenye makelele. Kwa hiyo kuvumilia pia ni kuachia jambo liendelee, na ndiyo sababu kiongozi husema "hatutavumilia rushwa". Akisema "hatutasubiri rushwa", atakuwa amesema kitu kingine kabisa. Kutokana na maana hiyo tuna "uvumilivu wa kidini" na "uvumilivu wa kisiasa", yaani kukubali kuishi na asiyekubaliana nawe. Subira haiingii hapo.

Kustahimili ni kubaki imara chini ya uzito. Hata kisicho na moyo hustahimili, kama mbegu zinazostahimili ukame. Mbegu haina subira.

Kuna mtego mmoja. Kusubiri, katika mazungumzo ya kila siku, kumebaki zaidi na maana ya kungoja, ilhali subira imebaki kuwa sifa ya moyo. Mtu anaweza kusimama kituoni akisubiri basi huku akilaani na kutazama saa kila dakika. Anasubiri, lakini hana subira. Usidhani jina na kitenzi chake vimekwenda pamoja daima.

Hatua ya 4: Jiulize ni nani anayesema, na wapi. Kwa Waislamu, subira imebeba uzito wa imani. Kurani katika sura ya Al-Baqara, aya ya 153, inasema Mwenyezi Mungu yu pamoja na wenye kusubiri. Ndiyo maana kwenye msiba tunasikia "Mwenyezi Mungu awape subira", na hakuna neno jingine linalokaa pale kwa utulivu uleule. Saburi ni la shina hilohilo la Kiarabu, ila wasomaji wengi wa Biblia wanalijua kutoka Warumi 5:3, ambako dhiki huleta saburi. Ni neno zuri mno, nami hulilinda likitokea kwenye hotuba ya ibada au ushairi. Kwenye tangazo la kukatika kwa umeme nitalitoa.

Hatua ya 5: Rekebisha upatanisho. "Subira yangu imekwisha" ikigeuka, inakuwa "uvumilivu wangu umekwisha". Hatua fupi, lakini husahauliwa sana na wanaobadilisha neno kwa kompyuta bila kusoma tena. Methali usiziguse: "Subira yavuta heri" ibaki ilivyo.

Hatua ya 6: Jaribu njia hii kwa familia nyingine. Chukua haya, aibu na fedheha. Mtu huona haya na huona aibu, lakini hupata aibu tu; hatusemi "amepata haya". Kumwambia mtu hana haya ni kumshutumu, kwa kuwa haya ni pambo la tabia, humzuia mtu kabla hajatenda. Fedheha huja baadaye, na inataka watu wa kuishuhudia.

Hatua ya 7: Ukishachagua, usibadilishebadilishe. Shuleni tulifundishwa kukwepa kurudia neno, na katika insha ni ushauri mzuri. Katika mkataba, mwongozo wa afya au sera, ni hatari. Kifungu cha 4 kikitaja "wajibu" wa mpangaji, na kifungu cha 9 kikitaja "jukumu" lake kwa jambo lilelile, wakili atauliza kama ni vitu viwili tofauti, na atakuwa na haki ya kuuliza. Hapo rudia neno lako hata mara kumi.