Kujenga Utamaduni wa Usalama na Afya katika Karakana ya Samani

Karakana za samani, kuanzia zile za Keko jijini Dar es Salaam hadi zile zilizopangana kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, hufanana kwa jambo moja: ustadi mkubwa wa mkono hufanya kazi bega kwa bega na mashine ambazo mara nyingi zimeundwa mtaani, mota ikiwa imefungwa chini ya meza na diski ya msumeno ikitokeza juu bila kinga yoyote. Katika mazingira hayo bango la "Usalama Kwanza" halimwokoi mtu. Kinachomwokoa ni namna kazi inavyopangwa na namna inavyolipwa, na yote mawili yamo mikononi mwa mwenye karakana, ambaye ndiye ninayemwandikia hapa.

Malipo kwanza

Mafundi wengi hulipwa kwa kipande: kiti kikiisha, pesa yake hutoka. Kwa utaratibu huo, kila dakika ya kurekebisha kinga, kunoa diski au kufagia vumbi hutoka mfukoni mwa fundi mwenyewe, na si ajabu kwamba kinga iliyowekwa Jumatatu huwa imeng'olewa kufikia Jumatano. Kabla ya kumkemea mtu, hesabu muda wa kupanga mashine na wa usafi ndani ya bei unayompa mteja, kisha ulipe muda huo waziwazi, kwa mfano saa moja ya matengenezo kila wiki inayolipwa kama kazi nyingine yoyote. Tangaza pia mbele ya wote kwamba anayezima mashine kwa sababu ameona hatari hatakatwa hata senti, awe fundi mkuu au mwanagenzi aliyeanza juzi. Siku ya kwanza mtu atakapoizima wakati mteja anasubiri, mafundi wote watakutazama uso wako, na jibu lako la siku hiyo litakuwa na uzito kuliko mikutano yote uliyowahi kuitisha.

Msumeno wa mviringo

Nitakaa zaidi hapa, kwa kuwa ndipo vidole vinapopotea. Hatari kubwa si mkono kuteleza tu. Mbao inapopasuliwa, hasa ikiwa bado mbichi, pande zake mbili hutaka kujibana tena nyuma ya diski. Meno ya nyuma, ambayo yanapanda kutoka chini, huikamata na kuirusha kwa nguvu kumwelekea fundi, na mkono uliokuwa ukiisukuma hujikuta juu ya diski kabla mwenyewe hajatambua kilichotokea.

Dawa yake ni bamba jembamba la chuma linalosimama nyuma tu ya diski, nene kidogo kuliko bati la diski lakini jembamba kuliko mpasuo wenyewe, ili lizuie mbao isijibane. Mchomeleaji mzuri anaweza kulitengeneza na kulifunga kwa siku moja. Juu ya diski iwekwe kinga inayopanda na kushuka kulingana na unene wa mbao, na diski yenyewe ishushwe mpaka itokeze juu ya mbao kwa kimo cha jino tu. Mbao nyembamba isukumwe kwa kijiti, na kijiti hicho kining'inie kwenye mashine yenyewe, maana kikiwekwa kabatini hakitatumika. Swichi iwe mahali ambapo goti au mkono wa kushoto unaifikia bila kuinama. Mikanda ya mota ifunikwe. Glavu za kitambaa zisivaliwe kwenye mashine inayozunguka, kwa kuwa diski huukamata uzi na kuuvuta mkono mzima. Hili huwashangaza wengi waliozoea kudhani kwamba glavu ni kinga kila mahali.

Grenda ya mkononi iliyofungwa diski ya kukatia mbao ni hatari zaidi ya msumeno wa meza, na kwa maoni yangu haifai kuruhusiwa karakanani kabisa.

Vumbi, kelele na harufu

Jeraha huonekana, lakini vumbi hufanya kazi kimyakimya kwa miaka. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua na ya mianya iliyo jirani nayo. Vumbi la mvule huwasha ngozi na linaweza kuchochea pumu, na wanaochonga mpingo wanajua jinsi unavyoweza kuwababua.

Barakoa ni hatua ya mwisho. Kwanza punguza vumbi linapozaliwa: peleka upigaji msasa upande ambao upepo hutoka karakanani kwenda nje, funga bomba la kufyonza kwenye mashine ya kuranda na ya msasa, na upige marufuku kupuliza vumbi kwa kompresa, iwe sakafuni au kwenye nguo, kwa sababu huko ni kulirudisha hewani ili kila mtu alivute. Fagia baada ya kunyunyiza maji kidogo. Baada ya hayo nunua barakoa za kiwango cha N95 au FFP2; kitambaa na barakoa za hospitali hazizuii chembe ndogo za msasa.

Kuhusu kelele, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo upunguzwe nusu. Msumeno unaofikia desibeli 100 unamaliza kipimo cha siku nzima kwa dakika 15. Vizibo vya masikio ni vya bei nafuu, na havina sababu ya kukosekana.

Tina na vanishi zipakwe mahali pa wazi, mbali na grenda, sigara na jiko la chai. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yasirundikwe, kwa kuwa hujipasha joto yenyewe hadi kuwaka. Yatandazwe nje yakauke au yatiwe kwenye ndoo ya chuma yenye maji na mfuniko.

Mazungumzo ya kila asubuhi

Tenga dakika chache kabla mashine hazijawashwa, na uulize swali moja: jana ni nini kilitaka kutuumiza? Mbao iliyorushwa bila kumgusa mtu ni habari yenye thamani kuliko ajali yenyewe, kwa kuwa inafundisha bila damu. Iandikwe kwenye daftari, na karibu nayo liandikwe jina la atakayerekebisha na siku. Usemi wa "ajali haina kinga" usikubaliwe kuwa maelezo ya chochote katika daftari hilo.

Wanagenzi waanze na randa, patasi na msasa wa mkono, na wafike kwenye mashine pale tu fundi mkuu anaporidhika. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 18 kiwandani au penye kazi ya hatari. Karakana iliyoko huko isajiliwe OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, unaosimamia sheria ya mwaka 2003. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2007 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aunde kamati ya usalama na afya.

Ajali ikitokea

Zima mashine, bana jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, na uinue mkono. Kidole kilichokatika kifungwe kwa shashi safi yenye unyevu, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kidole chenyewe kisigusane na barafu. Kiende hospitalini pamoja na majeruhi.

Mashine ibaki imezimwa mpaka chanzo kijulikane, na uchunguzi uanze na kinga, mwanga, uchovu na haraka ya oda kabla ya kumfikia mtu. Taarifa ipelekwe mapema kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ikiwa uko Tanzania Bara. Aliyeumia aendelee kulipwa katika siku za matibabu, na anaporudi apewe kwanza kazi ya kuchora, kupima na kukagua mbao, mpaka daktari atakaposema kwamba mkono wake umeweza tena mashine.